Uzoefu si mazoea: Busara ya mhariri pale msomaji anapotafuta habari za ugonjwa

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kuwapo kwa mgonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera. Siku chache kabla ya hapo, Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilikuwa imeeleza kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Mwezi mmoja kamili nyuma, tarehe 20 Desemba 2024, Rwanda ilikuwa imetangaza kumalizika kwa mlipuko wake wa Marburg. Na tarehe 2 Juni 2023, mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huohuo katika mkoa huohuo wa Kagera ulikuwa umetangazwa kuwa umekwisha.

Hizo ni taarifa nne rasmi, kila moja ikiwa na siku yake na mahali pake. Lakini mtu aliyeshika simu ng'ambo ya mpaka, Rusumo upande wa Rwanda, Mutukula upande wa Uganda au Kobero upande wa Burundi, akaandika maneno mawili tu, "Marburg Kagera", hakuwa anatafuta historia ya ugonjwa. Alitaka kujua kama safari ya kesho iendelee au iahirishwe. Je, ni taarifa ipi kati ya hizo ingemfikia kwanza?

Jibu la swali hilo halikuwa mikononi mwa madaktari wala maofisa wa mpakani. Kwa sehemu kubwa lilikuwa mikononi mwa injini ya utafutaji, na kwa sehemu nyingine, ambayo husahaulika mara nyingi, lilikuwa mikononi mwa wahariri waliozipa taarifa hizo vichwa vya habari, tarehe na maneno ya kuzitambulisha. Kazi hiyo ya kuifanya habari ionekane pale inapotafutwa ina jina lake katika sekta ya teknolojia: SEO. Wengi huifikiria kuwa kazi ya mbinu na programu. Milipuko ya magonjwa iliyozikumba nchi za Maziwa Makuu kati ya mwaka 2023 na 2025 inaonyesha kwamba mbinu ni robo tu ya kazi hiyo. Sehemu iliyobaki ni busara.

Kutoka viungo hadi ulaghai

Chimbuko la jambo hili lafaa kukumbukwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walibuni njia ya kupima uzito wa ukurasa wa tovuti kwa kuangalia ni kurasa ngapi nyingine zinazouelekea, na kurasa hizo zenyewe zina hadhi gani. Kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kilihesabiwa kama kura ya imani. Mwaka 1998 waliunda kampuni ya Google, na katika muda usio mrefu njia yao ikawa mlango ambao watu wengi duniani hupitia kufikia habari.

Penye kura hapakosi mnunuzi wa kura. Wafanyabiashara waligundua kwamba viungo vinaweza kununuliwa, kurasa zinaweza kujazwa neno moja mara mia, na maandishi yanaweza kufichwa yasionekane kwa msomaji bali kwa mashine peke yake. Mwezi Februari 2011, gazeti la The New York Times liliripoti jinsi duka kubwa la JC Penney la Marekani lilivyokuwa juu ya orodha kwa bidhaa nyingi, kuanzia magauni hadi matandiko, kwa msaada wa maelfu ya viungo vilivyopandikizwa katika tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa hizo. Kampuni ilisema haikuidhinisha mbinu hizo. Google ililishusha, na duka lililokuwa la kwanza likatupwa mbali ambako mtafutaji hafiki.

Mwezi huohuo Google ilianzisha mabadiliko yaliyojulikana kwa jina la Panda, yaliyolenga tovuti zilizojaa maandishi hafifu. Mwezi Aprili 2012 yakafuata mabadiliko ya Penguin, yaliyolenga viungo vya hila. Tovuti nyingi zilizokuwa zimejengwa juu ya mbinu zilianguka. Nyingine, ambazo wahariri wake walikuwa wameshikilia kanuni ya zamani ya kumwandikia msomaji kwanza, hazikutikisika sana.

Funzo la miaka ile halikuwa kwamba mbinu ni haramu. Lilikuwa kwamba mbinu ina umri mfupi kuliko uamuzi mzuri. Aliyejua kwa nini msomaji anatafuta jambo fulani alibaki na maarifa yake hata kanuni zilipobadilika. Aliyejua tu namna ya kuihadaa mashine alilazimika kuanza upya.

Orodha ya viungo vya pilau bila vipimo

Kanuni zenyewe hazitulii. Kwa maelezo ya Google, katika mwaka 2022 peke yake kampuni hiyo ilifanya mabadiliko zaidi ya 4,700 katika huduma yake ya utafutaji. Imekuwa ikisema pia, kwa miaka mingi, kwamba takriban asilimia 15 ya maswali yanayoulizwa kila siku hayajawahi kuulizwa hapo awali. Maana yake ni kwamba hata mashine yenyewe kila siku hukutana na maneno mapya, na haiwezi kutegemea kumbukumbu zake pekee.

Mwezi Mei 2024, maelfu ya kurasa za nyaraka za ndani za Google kuhusu utafutaji zilifika hadharani. Zilitaja sifa zaidi ya 14,000 ambazo mifumo ya kampuni hiyo inaweza kuzihifadhi kuhusu kurasa na tovuti. Google ilikiri kwamba nyaraka hizo ni zake, lakini ikaonya kwamba zisisomwe nje ya muktadha. Baadhi ya wataalamu walishangilia wakidhani siri imefichuka. Haikuchukua muda kubainika kwamba nyaraka hazikusema ni sifa ipi inatumika, wala ina uzito gani. Ilikuwa kama kupewa majina ya viungo vyote vya pilau bila kuambiwa kipimo cha hata kimoja: mpishi mzoefu atatoa chakula, na asiyejua kupika atabaki na karatasi mkononi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Google yenyewe hutumia watu kupima kazi ya mashine zake. Maelfu ya wakadiriaji katika nchi mbalimbali husoma matokeo ya utafutaji na kuyapima kwa kufuata mwongozo mrefu. Makadirio yao hayaupandishi wala kuushusha ukurasa mmoja mmoja moja kwa moja. Husaidia kuonyesha kama mabadiliko ya mfumo yanaelekea pazuri. Kwa muda mrefu mwongozo huo uliwataka wapime mambo matatu: utaalamu, mamlaka na uaminifu. Mwezi Desemba 2022 likaongezwa la nne, nalo ni uzoefu. Mkadiriaji aliulizwa kama mwandishi ameliishi au ameliona jambo analolieleza. Na kwa mambo yanayoweza kugusa afya, fedha au usalama wa mtu, mwongozo unataka kiwango cha juu zaidi cha kuaminika.

Kwa hiyo hata wale waliojenga mashine wamekiri, kwa njia yao, kwamba kuna kitu ambacho hesabu ya viungo na maneno haiwezi kukifikia.

Sifuri ya mashine si sifuri ya watu

Kwa lugha kama Kiingereza, mhariri asiye na uzoefu bado anaweza kujikongoja kwa msaada wa takwimu. Programu zitamwambia ni watu wangapi hutafuta neno fulani kwa mwezi, na ni neno gani linalokaribiana nalo. Kwa Kiswahili hali ni tofauti. Huduma ya Google Trends, ambayo waandishi wengi huitumia kujua watu wanatafuta nini, haionyeshi maneno yanayotafutwa na watu wachache mno; huyahesabu kuwa sifuri. Mhariri wa Kiswahili katika nchi ambayo wasemaji wa lugha hiyo ni wachache anaweza kuandika maneno kumi na kupata sifuri kumi.

Hapo ndipo busara inapoanza kulipwa mshahara wake. Mhariri mchanga ataisoma sifuri hiyo kuwa ni ushahidi kwamba hakuna anayeuliza, naye ataiacha habari. Mhariri aliyekaa na wasikilizaji, aliyesikia maswali yao katika vipindi vya simu, aliyesoma ujumbe wao mfupi na kusikia mazungumzo ya stendi na sokoni, anajua kwamba watu wanauliza, ila wanauliza kwa maneno ambayo mashine haijayakusanya pamoja.

Na maneno hayo ni mengi kwa sababu ya umbile la lugha yenyewe. Mmoja ataandika "Marburg inaambukizwaje", mwingine "inaambukiza vipi", wa tatu "inavyoambukizwa", na wa nne "maambukizi ya Marburg". Kwa mzawa wa lugha hilo ni swali moja. Kwa programu inayohesabu maneno yalivyoandikwa ni maswali manne, kila moja likiwa dogo kiasi cha kutoonekana. Ni kweli kwamba mashine zimepiga hatua: mfumo wa BERT, ulioanza kutumiwa na Google mwaka 2019 ili kuelewa maana ya sentensi badala ya neno mojamoja, ulifikishwa mwaka huohuo katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Hata hivyo, kuelewa swali hakutoshi ikiwa hakuna ukurasa mzuri wa kulijibu.

Lipo pia tatizo la neno "mlipuko". Katika Kiswahili cha habari, neno hilo hubeba mzigo wa ugonjwa unaoenea na mzigo wa bomu au mtungi wa gesi uliopasuka. Kichwa cha habari kisemacho "Mlipuko Kagera" kinaweza kumtisha msomaji kwa jambo jingine kabisa, na kinaweza kuipoteza mashine vilevile. Jina Marburg nalo ni la mji wa Ujerumani ulioupa ugonjwa huo jina baada ya maambukizi ya mwaka 1967, mji ambao una chuo kikuu maarufu na kurasa nyingi za kuuelezea. Mhariri makini ataandika "mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera" na kukubali kichwa kiwe kirefu kidogo. Hakuna programu iliyomwamuru. Amejiweka tu mahali pa anayetafuta.

Uhaba huu wa kurasa una hatari yake. Mwaka 2018, Michael Golebiewski wa kampuni ya Microsoft na mtafiti danah boyd walieleza hali ambapo swali fulani lina majibu machache au halina kabisa katika injini ya utafutaji. Pengo la namna hiyo, walisema, ni mwaliko kwa wenye nia mbaya, kwani yeyote atakayeandika kwanza ndiye atakayesomwa. Katika lugha zenye kurasa nyingi, uongo hulazimika kushindana. Katika lugha yenye kurasa chache, uongo hupata kiti cha mbele bila jasho.

Jina ambalo watu wanalijua

Mtihani mgumu wa busara ya mhariri ulikuja mwaka 2024 kupitia ugonjwa wa mpox. Mwezi Julai mwaka huo, nchi nne za kanda, yaani Burundi, Kenya, Rwanda na Uganda, ambazo hazikuwa zimewahi kuripoti ugonjwa huo, zilianza kupata wagonjwa, wakati Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikiwa tayari imeelemewa. Nchini Kenya, mgonjwa wa kwanza aligunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taita Taveta, akiwa msafiri aliyetoka Uganda kuelekea Rwanda. Tarehe 14 Agosti 2024, WHO ilitangaza kuwa ni dharura ya afya ya umma ya kimataifa, hali iliyodumu hadi Septemba 2025.

Mhariri wa Kiswahili alijikuta njia panda. Jina rasmi, mpox, lilikuwa na umri wa chini ya miaka miwili. WHO ililitangaza Novemba 2022 kwa sababu jina la zamani, lililomtaja nyani au tumbili, lilikuwa limechochea lugha ya kibaguzi na unyanyapaa. Lakini wasikilizaji wengi walikuwa bado wanasema "homa ya nyani" au "ndui ya nyani", na ndivyo ilivyotarajiwa watafute. Wengine hawakuwa na jina lolote. Walikuwa na mtoto mwenye vipele na wasiwasi kama ni tetekuwanga.

Anayetazama takwimu peke yake angechagua jina linalotafutwa zaidi na kulitia katika kichwa cha habari. Anayetazama mwongozo rasmi peke yake angelikataa kabisa jina la zamani, na habari yake ingebaki bila kusomwa na wale walioihitaji. Busara ilikuwa katikati ya hayo mawili: kichwa cha habari kibebe jina rasmi, sentensi ya kwanza ieleze kwamba ndio ugonjwa ambao wengi wameuzoea kwa jina la homa ya nyani, aya inayofuata iseme wazi kwamba katika mlipuko huo maambukizi yalikuwa yanapita hasa kati ya mtu na mtu kwa kugusana kwa karibu, na dalili zitajwe kwa maneno ya nyumbani: vipele, homa, kuvimba tezi, maumivu ya mwili.

WHO yenyewe ilifuata njia ya namna hiyo. Ilipobadilisha jina, iliruhusu majina yote mawili yatumike sambamba kwa muda wa mwaka mmoja, na ikaeleza kwamba jina la zamani litabaki linaweza kutafutwa katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ili kumbukumbu za nyuma zisipotee. Taasisi hiyo ilitambua kwamba jina likifutwa ghafla, pamoja nalo hufutwa njia ya mtu kufikia maarifa.

Tarehe ya kweli na dawa isiyokuwapo

Msafiri wa Rusumo, Mutukula au Kobero bado anasubiri jibu. Kurasa za mwaka 2023 zilizosema mlipuko wa Kagera umekwisha hazikuwa na kosa. Zilieleza mlipuko uliokuwa na wagonjwa tisa, sita kati yao wakafariki dunia. Za Desemba 2024 kutoka Kigali nazo zilisema kweli: Rwanda ilikuwa imehesabu wagonjwa 66 na vifo 15, wengi wa walioambukizwa wakiwa wahudumu wa afya, kisha ikaushinda ugonjwa. Hatari ni ukurasa wa kweli kusomwa katika siku isiyo yake.

Mhariri ana njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha tarehe ya ukurasa wa zamani ili uonekane mpya. Ni rahisi, na huvutia. Google imewaonya wachapishaji dhidi ya desturi hiyo ya kugeuza tarehe bila kugeuza yaliyomo, lakini hata isingeonya, ni udanganyifu kwa msomaji. Njia ya pili ni ya kazi zaidi: kuuacha ukurasa wa zamani na tarehe yake, kuweka juu yake sentensi moja inayosema kuna mlipuko mpya, na kiungo cha kuelekea huko, kisha kuwa na ukurasa mmoja tu wa mlipuko mpya, unaosasishwa kwa saa na siku, badala ya kutawanya habari ndogondogo ishirini zinazogombana zenyewe kwa zenyewe katika matokeo ya utafutaji.

Mtihani mwingine ni neno "dawa". Kila ugonjwa unapozuka, watu huuliza dawa yake, na mhariri anayetaka wasomaji wengi anajua kwamba kichwa cha habari chenye maneno "dawa ya Marburg" kitabofywa. Wakati wa mlipuko wa Kagera wa mwaka 2025, hapakuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa ugonjwa huo. Kilichokuwapo ni matunzo ya mapema, hasa kumrudishia mgonjwa maji mwilini na kutibu dalili, ambayo huongeza nafasi ya kupona.

Je, neno hilo lisiandikwe kabisa? Hapana. Likiachwa, uwanja unaachiwa wauza mitishamba na matapeli. Mhariri mwenye busara huliandika ndani ya ukweli: "Marburg haina dawa iliyoidhinishwa, lakini kuwahi hospitali huokoa maisha." Kichwa hicho kinakutana na swali la msomaji kama alivyolitamka, kisha kinampa jibu ambalo huenda hakulipenda lakini analihitaji. Tofauti kati ya habari hiyo na ya tapeli haimo katika neno kuu lililotumika. Imo katika kile anachobaki nacho msomaji baada ya kufunga ukurasa.

Watoto wawili wa kitenzi kimoja

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo, lugha ya Kiswahili ina onyo lake katika jambo hili. Uzoefu na mazoea ni watoto wa kitenzi kimoja, kuzoea, lakini hawafanani tabia. Uzoefu humfanya mtu aone haraka kilichobadilika. Mazoea humfanya asione kabisa.

Katika SEO mazoea yamewagharimu wengi. Mwaka 2009 Google ilitamka wazi kwamba haitumii, katika kupanga matokeo, orodha ya maneno makuu ambayo watengenezaji wa tovuti huificha ndani ya msimbo wa ukurasa. Bado miaka mingi baadaye wapo waliokuwa wanaijaza orodha hiyo kwa uangalifu, kwa sababu tu ndivyo walivyofundishwa. Wapo pia wanaoendelea kurudia neno moja katika kila sentensi hadi habari inakosa ladha, wakiamini mashine inapenda hivyo.

Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mkongwe asikilizwe na takwimu zitupwe. Busara isiyopimwa ni dhana tu. Huduma ya bure ya Search Console huwaonyesha wamiliki wa tovuti mengi ya maneno yaliyowaleta wasomaji. Mhariri aliyeamua kwamba wasomaji watatafuta "vipele" kabla ya "mpox" anapaswa kurudi baada ya wiki mbili na kuangalia kama alikuwa sahihi. Akikosea, ajifunze. Uamuzi, kipimo, marekebisho, kisha uamuzi mwingine: huko ndiko uzoefu unakojengwa. Anayeruka hatua ya kipimo, hata akiwa na miaka ishirini kazini, ana mwaka mmoja wa uzoefu alioukariri mara ishirini.

Mashine inayojibu yenyewe

Suala hili limezidi uzito tangu Mei 2024, Google ilipoanza nchini Marekani kuweka juu ya matokeo muhtasari unaoandikwa na akili mnemba, kabla ya kuupeleka katika nchi nyingi duniani. Katika wiki za mwanzo, muhtasari huo ulizua vicheko na hofu pale ulipomshauri mtu atie gundi kwenye piza ili jibini isidondoke, ushauri uliotokana na mzaha wa mtandaoni. Mashine ilikuwa imesoma maneno bila kujua kwamba msemaji anatania.

Kwa piza hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa homa inayovuja damu si hivyo. Mashine za namna hii hutegemea kilichoandikwa na watu, na katika lugha yenye maandishi machache, kila ukurasa una uzito mkubwa kuliko ungekuwa nao kwingineko. Ndiyo maana wimbi la kurasa zinazozalishwa kwa maelfu na kutafsiriwa na mashine bila jicho la mhariri ni tishio la pekee kwa Kiswahili. Mwezi Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya uzalishaji wa namna hiyo unaolenga kupanda juu tu, uwe umefanywa na mashine au na watu. Sera hiyo inasaidia, lakini haiwezi kuandika ukurasa mzuri ambao haupo.

Mlipuko wa pili wa Kagera ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, baada ya wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, ambao wote walifariki dunia. Mkoa huo unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na ugonjwa hauulizi hati ya kusafiria. Utakapozuka mwingine, na historia ya miaka hii haitoi sababu ya kudhani kwamba hautazuka, watu watashika simu zao kabla ya kushika njia. Wataandika maneno mawili au matatu, kwa Kiswahili cha kwao, na kusoma kitakachotangulia.

Kama kitakachotangulia kitakuwa kweli ya siku hiyo, itakuwa ni kwa sababu mtu fulani katika chumba cha habari alijiuliza mapema: watauliza kwa neno gani, na wakishasoma watafanya nini? Hakuna programu inayouliza swali la pili.